Bendera Hufuata Upepo: Siku Mbili Sur na Aija



Wengi wetu tukienda Oman safari yetu inajulikana. Tunafikia Maskati kwa jamaa, tunazungushwa Matrah na Seeb, halafu mwenye asili yake bara anapandishwa Nizwa au Ibra kwenda kuangalia mitende, falaji na nyumba za udongo alikozaliwa babu. Sur hupitwa. Ati iko mbali, ati hatuna mtu kule. Lakini hebu tujiulize: yule babu wa Ibra alifika vipi Unguja? Hakutembea juu ya maji. Alishuka mpaka pwani akapanda chombo, na bandari kubwa ya Sharqiyah yote ilikuwa Sur. Ukiijua Ibra bila ya kuijua Sur umeijua safari yako nusu tu.

Basi ninayoyaandika hapa yametokana na siku mbili nilizokaa hoteli mjini Sur, nikawa natoka asubuhi na kurudi magharibi. Si khabari ya vitanda na chai. Nataka kusema juu ya yale yaliyopo karibu na hoteli hiyo, na juu ya historia yetu iliyolala ndani yake, ambayo mtalii wa kawaida haoni na sisi hatuna ruhusa ya kutoiona.

Kufika na kufikia

Kutoka Maskati ni kiasi cha kilomita 200 kwa barabara ya pwani inayopita Quriyat. Milima mkono wa kulia, bahari mkono wa kushoto. Kabla hujaingia mjini unapita kiwanda kikubwa cha gesi pale Qalhat, kilichoanza kusafirisha gesi iliyogandishwa kuwa maji mwaka 2000. Meli zake zinakwenda Korea na Japani. Bandari bado inaishi kwa bahari, shehena tu ndiyo iliyobadilika.

Hoteli za Sur si nyingi kama za Maskati lakini zinatosha. Mapokezi nilipewa karatasi ya vivutio: karakana ya majahazi, mnara wa taa wa Aija, kasa wa Ras al-Jinz wanaotaga usiku, Wadi Shab, ngome ya Sunaysilah juu ya kilima, na magofu ya Qalhat. Karatasi nzuri, na kila kilichotajwa kinafaa kuonwa. Jina la Unguja halimo. Wala Lamu, wala Kilwa, wala Mombasa.

Zamani mgeni hakuwa na hoteli. Mwenye jina alipokewa nyumbani kwa mwenye jina mwenzake. Baharia alilala juu ya shehena. Na Wasuri wenyewe walipokuwa wageni kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba, vyombo vyao vilitia nanga Unguja mbele ya Malindi na Funguni, na Mombasa katika Bandari ya Kale. Walikaa miezi, wakiuza tende, chumvi na papa mkavu, wakingoja kusi iwarudishe. Yule Muaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kikuwait msimu wa 1938 na 1939, aliwakuta na akaandika habari zao katika kitabu alichokitoa 1940. Kwa hiyo mtu wa Unguja anayelipia chumba Sur leo analipa ziara ya zamani sana. Wao walitangulia kuja.

Qalhat: mgeni aliyetoka Kilwa

Asubuhi ya kwanza nilikwenda Qalhat, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Mji umekwisha, imebaki kuba ya Bibi Maryam na vifusi vinavyoteremka hadi baharini. UNESCO imeuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Katika enzi zake Qalhat ilikuwa mji wa pili wa ufalme wa Hormuz, na farasi wa Arabuni walipakiwa hapo kupelekwa India. Wareno chini ya Albuquerque waliuteka na kuuchoma mwaka 1508.

Kwetu sisi Qalhat ina mgeni mmoja wa kukumbukwa. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa karibu na mwaka 1330, alitoka Kilwa akaenda Dhofar, na kutoka huko akasafiri kwa chombo hadi Sur. Kutoka nangani aliiona Qalhat akadhani iko karibu, akaamua kwenda kwa miguu. Si karibu hata kidogo. Baharia aliyejitia kumwongoza alikuwa na nia na nguo zake, maji yakawaishia, na alipofika miguu ilikuwa imevimba. Alikaa siku sita kwa hisani ya mtawala wa mji, akasifu samaki wake, akausifu msikiti aliojenga Bibi Maryam, na akacheka namna watu wa pale wanavyomalizia kila sentensi kwa neno la "hapana".

Nalitaja hili kwa sababu moja. Tunapofundisha safari ya Ibn Battuta skuli, tunamwachia Kilwa, kama kwamba habari imekwisha. Haikwisha. Kilwa na Qalhat zilikuwa vituo vya njia moja, karne tano kabla ya Sayyid Said kuhamia Unguja. Mtu anayesema uhusiano wa pwani yetu na Oman umeanza na karafuu anakata kitabu katikati.

Jahazi linalopendwa

Ukirudi mjini, kando ya hori, unaliona Fatah al-Khair. (Waarabu wanasema *khor*, sisi tunasema hori, na neno ni lile lile.) Ni ghanjah, chombo cha mlingoti mkubwa na shetri iliyochongwa nakshi, kilichoundwa hapa hapa Sur mwaka 1951. Kiliuzwa nje, kikafanya kazi Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur wakachangishana wakakinunua tena na kukirudisha nyumbani. Nimekizunguka mara mbili. Si mchezo, ni kazi ya mikono inayomtia mtu haya ya kuongea.

Karibu yake ipo karakana inayounda vyombo mpaka leo, kwa mbao za msaji kutoka India. Hapa ndipo ilipoundwa ile *Sohar* mwaka 1980, jahazi aliloagiza Tim Severin akasafiri nalo hadi Canton, Uchina. Liliundwa bila ya msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi. Msomaji wa Lamu ataona mara moja: hiyo si ndiyo kazi ya mtepe? Mitepe yetu ya asili imetoweka. Nakala iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwekwa Beit al-Ajaib, Unguja, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Sur wamekinunua chombo chao kwa fedha za mifukoni mwao. Sisi jumba letu limetuangukia. Nasema hivi kwa uchungu, si kwa kejeli.

Ghanjah na sambuki za Sur zilirudi kutoka kwetu na boriti. Mikoko ya Rufiji na ya Lamu ndiyo iliyoezeka nyumba za Ghuba nzima, mahali ambapo mti mrefu hauoti. Ukiingia nyumba ya zamani Sur ukatazama juu, unatazama Rufiji. Upana wa vyumba vya kule ulipimwa na urefu wa boriti zetu. Lakini boriti haikuwa shehena pekee, na hapa ndipo karatasi ya vivutio inaponyamaza.

Kuvuka hadi Aija

Aija iko ng'ambo ya hori, uso kwa uso na Sur. Zamani watu walivuka kwa mashua; sasa lipo daraja la Khor al-Batah, la kwanza la kuning'inia katika Oman. Ukishavuka unakuta nyumba nyeupe, misikiti midogo, mnara wa taa, na minara mitatu ya ulinzi juu ya mawe. Jioni maji yakijaa na jua likishuka, ni mahali pazuri kuliko pote nilipofika safari hiyo.

Minara ile haikujengwa kwa ajili ya picha. Aija ni mji wa Bani Bu Ali, kabila ambalo makao yake makuu yako Jaalan, ndani zaidi upande wa kusini. Sur ng'ambo ni zaidi ya Janaba. Makabila mawili, hori moja, na wakati mwingine bendera mbili. Wasomi wa historia ya Unguja wanawajua Bani Bu Ali hata kama hawakumbuki. Mwaka 1820 Sayyid Said bin Sultan, akiwa na jeshi la Waingereza chini ya Kapteni Thompson, aliteremka Sur akawaendea Jaalan. Walipigwa vibaya na Sayyid Said mwenyewe akajeruhiwa. Mwaka 1821 Waingereza walirudi na jeshi kubwa zaidi wakashinda, wakachukua wafungwa hadi Bombay.

Zingatieni mwaka. Huyu ni mtawala aliyeonja jinsi ilivyo taabu kuwatiisha watu wa bara na pwani ya Oman. Miaka michache baadaye macho yake yako Mombasa na Unguja, na kufikia 1840 makao yake yako Unguja. Tumezoea kueleza uhamiaji ule kwa karafuu, bandari na hali ya hewa. Yote kweli. Ila ukisimama chini ya minara ya Aija unaelewa jambo jingine: kule kulikuwa na watu waliokataa kutawaliwa. Hata mwishoni mwa miaka ya 1920, watu hawa hawa wa Aija walipandisha bendera yao wakataka forodha yao, na Maskati ikapata kazi kuwarudisha.

Bendera ya watu wengine

Bendera iliyowapatia Wasuri umaarufu wa dunia lakini haikuwa yao. Ilikuwa ya Ufaransa.

Mambo yalikwenda hivi. Mwaka 1873 Uingereza ilimlazimisha Sayyid Barghash kufunga soko la watumwa la Unguja, na mwaka huo huo Sayyid Turki wa Maskati akatia saini mkataba kama huo. Manowari za Kiingereza zikawa zinasimamisha vyombo baharini na kuvipekua. Tusiwapambe sana: mabaharia wao walilipwa zawadi kwa kila mtumwa aliyeokolewa na kwa ukubwa wa chombo kilichokamatwa, kwa hiyo vyombo visivyo na hatia navyo vilichomwa. Na waliookolewa hawakurudishwa kwao. Walipelekwa Aden, Bombay, Shelisheli, au misheni kama Freretown ya Mombasa.

Ufaransa, kwa fahari na ubishi wake, haikukubali manowari ya Kiingereza iguse chombo chenye bendera yake. Wasuri wakaliona pengo. Mwenye chombo akipata kipande cha ardhi au makazi Mayotte, Nosy Be au Obock, anapewa hati na bendera, na Mwingereza anabaki kumtazama kwa darubini. Bendera hufuata upepo, tunasema. Hapa bendera ilifuata biashara.

Tusidhani kila aliyepandisha bendera ile alibeba watu. Wengine walikuwa wafanyabiashara wa tende na boriti waliochoka kusumbuliwa. Lakini wapo waliobeba, na wengi. Tarehe 3 Disemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari ya *London* alisogelea jahazi lenye bendera ya Kifaransa. Lilikuwa na watumwa kiasi cha mia moja, na yeye akauawa katika mapambano. Na mwaka 1902, miaka karibu thelathini baada ya soko la Mkunazini kufungwa, Wareno waliwakamata pwani ya Msumbiji Wasuri zaidi ya 100 pamoja na vyombo vyao, na watumwa zaidi ya 700 waliokuwa tayari kupakiwa. Msumbiji, 1902. Wapo wazee tuliowajua ambao wazazi wao walikuwa hai siku hiyo.

Sayyid Faisal bin Turki alikwenda Sur mwenyewe mwaka 1900, na Mwingereza Percy Cox ubavuni, kuwataka wenye vyombo warudishe bendera. Haikutosha. Mwishowe Uingereza na Ufaransa zikafikishana Mahakama ya Usuluhishi ya Hague. Waamuzi walikuwa watatu: Lammasch wa Austria, Fuller wa Marekani na Savornin Lohman wa Uholanzi. Hukumu ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Kwa ufupi: waliopewa bendera kabla ya tarehe 2 Januari 1892 waliachiwa, baada ya hapo Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa wengine, isipokuwa wale iliowahesabu kuwa watu wa ulinzi wake tangu kabla ya 1863. Na bendera hairithishwi wala haihamishwi kwa mtu mwingine. Tena, mwenye bendera akishuka ardhini Sur ni raia wa Sultani kama raia yeyote.

Wanafunzi wa sheria za kimataifa wanaisoma kesi hii mpaka leo. Wanasoma juu ya Uingereza, Ufaransa, mikataba na mamlaka. Katika hukumu yote hiyo, waliokuwa chini ya sitaha hawana jina hata mmoja.

Ncha mbili za kamba moja

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Waliolelewa Unguja, Pemba na Lamu wanaijua ile tahadhari ya kaskazi: mtoto asizurure jioni, Wasuri wapo mjini. Hicho hakikuwa kitisho cha kumlaza mtoto tu. Katika karne ya 19 mabalozi waliokuwa Unguja waliandika kwamba watu wa kaskazini walikuwa wakiiba watoto na watumwa wa watu mitaani, wakaondoka nao kusi ilipoingia. Bibi zetu walihifadhi katika onyo la jioni jambo ambalo wanahistoria walikwenda kulitafuta katika makabati ya London na Bombay.

Tazameni basi hali ilivyo. Mgeni akija Unguja anapelekwa Mkunazini, anaoneshwa vyumba vya chini na minyororo. Anatoka amesikitika, lakini hajaambiwa vyombo vilikwenda wapi, nani alikopesha fedha, nani aliongoza misafara bara, mashamba ya nani yalitaka mikono. Mgeni huyo huyo akija Sur anaoneshwa vyombo, nakshi, msaji, ushujaa wa nahodha. Anatoka amefurahi. Unguja tunasimulia minyororo bila ya jahazi. Sur linasimuliwa jahazi bila ya minyororo. Ni ncha mbili za kamba moja, na kila upande unashika ncha yake.

Matokeo yake ni ugomvi tunaoujua vizuri kwenye mabaraza yetu. Mmoja akitaja utumwa, mwenzake anasikia siasa za 1964. Mmoja akisifu ustaarabu wa bahari, mwenzake anasikia dharau. Kila mmoja ana nusu ya ukweli na anaitumia kama rungu.

Na sisi hasa ndio wa kuunga nusu hizo, maana ndani ya familia zetu zipo zote mbili. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyeko Oman leo anaweza kuwa mjukuu wa nahodha, mjukuu wa aliyepakiwa, au wa wote wawili kwa pamoja. Damu haikutengana kama vitabu vinavyotengana. Wengi wa waliopelekwa hawakubaki watumishi wa nyumbani tu: walizamia lulu Ghuba, walimwagilia mitende ya Batina, na tende zile zikauzwa mpaka New York. Mwanahistoria Matthew Hopper ameonesha hayo kwa kina katika kitabu chake cha 2015. Utumwa wenyewe Oman ulipigwa marufuku mwaka 1970. Hiyo ni umri wa wengi wetu tunaosoma hapa.

Atakayesema Ghuba haiwezi kulizungumza jambo hili aende Doha. Tangu 2015 pale Msheireb ipo nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho yanayoeleza utumwa wa Bahari ya Hindi ndani ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Watoto wa skuli wanapelekwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi. Ukienda Oman na wanao, usiishie Maskati na kijijini kwa babu. Kaeni Sur usiku mbili. Asubuhi Qalhat, muwaambie Ibn Battuta alitokea Kilwa. Mchana Fatah al-Khair, muwaoneshe kamba, shetri na mlingoti, na muwape majina yake kwa Kiswahili kabla hayajapotea. Jioni vukeni daraja mwende Aija, mkae chini ya mnara wa taa maji yakijaa. Hapo waambieni vyombo hivi vilileta nini na vilichukua nini. Yote mawili, kwa sauti ile ile.

Wazee wetu kutoka Sur, au waliosafiri na vyombo vya Sur, bado wapo wachache, na kila mwaka wanapungua. Mwenye baba au babu aliyewahi kulala juu ya boriti kutoka Rufiji, amkalie kitako amwandike, hata kama anayosema hayapendezi. Hasa kama hayapendezi.